Kusoma usimamizi wa biashara pamoja na sosiolojia: kuna mtu humu anayekula kwa huo mchanganyiko?

Kijana_wa_Luanda

Wadau, salamu kutoka huku Vihiga inakopakana na Kisumu. Nimemaliza muhula wa kwanza wa kozi ya usimamizi wa biashara, chuo cha umma. Nimesikia mtu anaweza kubeba somo la pili kutoka kitivo cha sanaa, na mimi sosiolojia imenivutia. Sisemi yuniti moja mbili za kujaza nafasi. Nataka niisome sawasawa hadi mwaka wa nne, mtu akiangalia transkripti yangu aone masomo mawili yamebebwa.

Mzee wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Kwake sosiolojia ni somo la kuuliza watu maswali ambayo kila mtu anajua majibu yake. Anasema kama hesabu za gharama zimenishinda niseme wazi, nisijifiche nyuma ya jamii. Mama mbele yake ananiambia nimsikize baba yangu, lakini tukibaki wawili jikoni anauliza, "Hiyo kitu inafunza nini hasa?" Nikijaribu kumweleza natoka na maneno ya daftarini ambayo hata mimi siyaelewi vizuri.

Kwa hivyo nauliza waliopita njia hii. Haya masomo mawili yanasaidiana kweli, au ni mzigo mara mbili na kazi nusu? Naomba mnijibu kama watu wa kazini. "Fuata ndoto yako" nimeshaisikia ya kutosha.

Stakabadhi

Fanya CPA, ile mitihani ya uhasibu. Uzi ufungwe.

Njoro_Juu

@Stakabadhi wewe hata mtu akiuliza kozi ya uuguzi unamwambia CPA.

Kijana, kabla ya falsafa, tuanze na makaratasi. Kuna shahada moja yenye masomo mawili ya uzito sawa. Kuna shahada ya somo moja inayokuachia yuniti za hiari. Na kuna shahada mbili kabisa, ambazo ni miaka mingine na karo nyingine. Wanafunzi wengi huchanganya hivi vitu vitatu, halafu mwaka wa tatu wanagundua transkripti haisemi walichodhani inasema. Kwa uzoefu wangu hapa Njoro, kozi za biashara zimejaa yuniti za lazima, nafasi ya hiari ni finyu. Shahada za sanaa huwa zina mlango mpana zaidi. KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo na kozi, ilikupangia kozi moja, na mchanganyiko wowote sasa ni mazungumzo kati yako na vitivo viwili. Nenda ukaulize kama inawezekana kabla hujabishana na mzee wako kama inafaa.

Baridi_ya_Clyde

Mimi nilisoma hivyo hivyo, ila Scotland. Huko shahada ya kwanza ya "honours" ni miaka minne, wakati England ni mitatu, na ule mwaka wa ziada ndio unaokupa nafasi ya kuonja masomo kadhaa kabla ya kuchagua. Unaingia na masomo matatu hivi, yanachujwa, unabaki na mawili, na jina la shahada linabeba yote kwa neno "na" katikati. Ni jambo la kawaida tu, mwajiri hashangai.

Raha yake nimeiona. Taabu yake ni kwamba una idara mbili zisizoongea. Insha mbili kubwa zinadaiwa wiki moja, na kila mhadhiri anakuchukulia kama mtoto wake wa pekee. Halafu idara ya biashara inataka ripoti yenye vichwa vidogo na mapendekezo mwishoni. Ile ya sosiolojia ukiiletea mapendekezo kabla hujahoji swali lenyewe, alama zinakatwa. Mwaka mzima unaandika kwa mikono miwili tofauti. Ukizoea, huo ndio ujuzi utakaouuza, maana kazini wengi wanajua mkono mmoja tu.

Shamba_la_Maua

Niko idara ya wafanyakazi, shamba la maua upande wa Naivasha. Nilisoma usimamizi kwanza, sosiolojia nikaichukua baadaye jioni-jioni. Acha nikupe mfano mmoja unaofundishwa katika madarasa yote mawili, uone tofauti.

Bila shaka mmeshafika Hawthorne, kile kiwanda cha Western Electric kule Cicero, ubavuni mwa Chicago, majaribio ya 1924 hadi 1932. Darasa la usimamizi linakupa toleo fupi: waliongeza mwanga, kazi ikapanda, wakapunguza mwanga, kazi bado ikapanda, kumbe wafanyakazi walifurahi kujaliwa. Jibu mtihani hivyo, uchukue alama zako.

Sasa ingia darasa la pili usikie habari ya chumba cha nyaya. Kuanzia Novemba 1931 wanaume 14 waliwekwa chumba kimoja kuunganisha nyaya za mitambo ya simu, mtafiti amekaa pembeni anaandika. Malipo yalikuwa ya kundi, yaani kundi likitoa zaidi kila mmoja anapata zaidi. Ukifuata kitabu cha motisha, hao wangekimbizana. Hawakukimbizana. Walikuwa na kiwango chao cha siku, hakikuandikwa popote, na kila mtu alikijua. Anayezidisha alipigwa ngumi ya mkono, hapa juu karibu na bega. Anayezembea alisemwa. Anayepeleka maneno kwa msimamizi alitengwa. Na ukumbuke ni wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, watu wanafutwa kazi kila upande. Kazi ikiisha haraka nani anabaki? Lile ambalo msimamizi angeliita uvivu, wao waliliona kama bima.

Kwetu kuna banda la kupanga waridi kwa urefu wa kikonyo na kuyafunga mashada. Yupo mama mmoja mwenye mkono mwepesi kupita wote. Saa nane mchana lengo lake limeshafika, hapo utamwona anageuza shada, analitazama, anakata jani ambalo halina shida yoyote, analiweka, analichukua tena. Kijana mmoja mgeni wa usimamizi aliandika kwenye ripoti "uchovu baada ya chakula cha mchana" akapendekeza mapumziko ya dakika kumi. Akina mama wakachukua zile dakika kumi na kiwango kikabaki palepale! Walikuwa wanajua kwamba lengo likipitwa leo, wiki ijayo linapandishwa kwa wote, hadi yule mwenye mgongo unaouma. Kilichokuja kusaidia ni kukaa na wawakilishi wao na kukubaliana kwa maandishi kwamba lengo haliguswi hadi msimu wa Februari upite.

Lakini usidhani sosiolojia peke yake ingetosha. Ni lazima pia ujue shada linagharimu kiasi gani, ndege ya mizigo inaondoka saa ngapi, na lengo likishuka kwa asilimia tano nani anapoteza nini. Mtu anayeelewa wale akina mama lakini hawezi kuisoma karatasi ya gharama, kwenye kikao atasikilizwa kwa adabu halafu wataendelea na yao.

Stakabadhi

Hadithi tamu. Swali langu liko palepale: tangazo gani la kazi limeandikwa "anatakiwa mtu wa biashara na sosiolojia"? Hata hiyo HR yenyewe, idara ya wafanyakazi, siku hizi ina sheria yake tangu 2012, unatakiwa usajiliwe na IHRM, chama cha taaluma hiyo, na kuna mitihani ya CHRP. Na wale wa sosiolojia waliokuwa wanakimbilia NGO hapa Kisumu, mnajua yaliyowapata. Januari 2025 Marekani ilipofunga mfereji wa misaada, watu wenye shahada mbili walirudi nyumbani na kadi za kazi shingoni. Mhasibu alipata pengine pa kwenda.

Shamba_la_Maua

Hapo kwa IHRM uko sahihi, na kijana alijue mapema: shahada haikuingizi HR moja kwa moja.

Nyar_Dunga

@Stakabadhi mimi ni mmoja wa hao waliorudi nyumbani mwaka jana, kwa hivyo unanisema mimi. Sawa, niseme basi.

Nilikuwa kwenye miradi ya biashara za akina mama wa samaki. Nimeona mipango ya biashara mizuri kweli, yenye jedwali la mapato ya miaka mitatu, ikifa ufukweni kwa sababu moja. Mwandishi alidhani samaki anauzwa. Yaani mama akiwa na pesa na jokofu, basi atanunua samaki. Huku ziwani mashua na nyavu kwa sehemu kubwa ni za wanaume, samaki wamepungua, akina mama wanaosubiri ni wengi, na tangu zamani kuna jaboya. Nisieleze sana, wa ziwani wanajua: mama anapata samaki kwa sababu ana mwanamume kwenye mashua, na bei yake si ya pesa peke yake. Ukimpa huyo mama mkopo wa jokofu, umempa deni na jokofu tupu. Swali la kwanza lilikuwa nani anamiliki chombo, na hilo swali halikuwa kwenye fomu ya mkopo.

Sasa kuna upande wa pili, na hapa Stakabadhi atafurahi. Ufukwe wa Nduru, upande wa Nyakach, akina mama walipata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili kuanzia 2011. Wakaajiri wanaume wavue, wao ndio wenye chombo. Ukiniuliza mimi, walioanzisha lile wazo waliisoma jamii vizuri kuliko wote waliotangulia, maana waligusa umiliki badala ya kuhubiri tabia. Lakini mashua ya mbao inaoza. Inavuja, inatakiwa ukarabati, na baada ya miaka michache inatakiwa nyingine. Mbao zikaanza kuchakaa na pesa ya kununua mpya ikawa ngumu. Halafu 2020 ziwa likapanda, kijiji kikafurika, watu wakahama. Mafuriko hakuna wa kulaumiwa. Ila uchakavu wa chombo ni yuniti ya mwaka wa kwanza ya uhasibu, omera! Kila siku ya mauzo unatenga kidogo kwa ajili ya mashua ijayo. Mradi wa aina ile ulihitaji mtu anayeona mambo yote mawili kwa jicho moja: nguvu iko kwa nani, na mbao itadumu hadi lini.

Kuhusu kazi, kweli nilikaa nyumbani. Sasa hivi naendesha vitabu vya wanunuzi wa omena, na kuna kampuni ya vyakula vya kuku inanilipa niwaeleze kwa nini fukwe fulani haziwauzii. Sijapata mshahara wa zamani. Nakula, karo inalipwa, na simu zinaongezeka.

Njoro_Juu

Niongeze moja kwa Stakabadhi. Unatafuta tangazo la kazi, lakini takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, kila mwaka zinatuambia zaidi ya asilimia 80 ya kazi nchini ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Kisha tunafundishwa usimamizi kwa mchoro wa vyeo: mkurugenzi juu, idara chini, mishale katikati. Nenda soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili unitafutie huo mchoro. Utaona mitumba, viatu, mbao, vyuma, maelfu ya watu, na mambo yanaenda. Nani anakaa wapi, nani anamlindia nani bidhaa, nani akikorofisha anafukuzwa na nani, yote yana utaratibu. Mwaka 1972 ripoti ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, kuhusu Kenya ndiyo iliyowafanya wakubwa wa dunia waanze kuzungumza juu ya "sekta isiyo rasmi" na kukubali kwamba kule kuna uzalishaji na si uzururaji. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, silabasi ya usimamizi bado inaipa jua kali wiki moja kabla ya mtihani. Upande wa sosiolojia ndiko utakakopewa muda wa kuitazama.

Kijana_wa_Luanda

Asanteni sana, dada zangu na kaka zangu. Nilisoma haya jana usiku, leo asubuhi nikaenda kumsaidia mzee dukani, nikaomba daftari la madeni kwa kisingizio cha kulinakili upya. Limeloa mafuta ya taa ukurasa wa kati.

Nimekaa nalo hadi saa sita. Walimu wa shule ya msingi iliyo jirani, wenye mshahara wa kila mwezi, wengi hawana ukurasa. Mzee anawaambia walipe taslimu. Mafundi, ambao leo wana kazi na kesho hawana, wana kurasa nzima nzima: simenti, misumari, mabati ya geji thelathini. Kuna fundi mmoja deni lake linazidi la watu wote, na mzee bado anamwongezea. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu ambaye hajaenda shule. "Huyo ndiye anayeamua mwenye nyumba atanunua wapi." Kisha kuna shemeji mmoja, deni lake halina tarehe, halina jumla, limeandikwa tu kwa penseli.

Sasa mimi hesabu za gharama zinaniambia hilo deni la fundi ni hatari na la mwalimu ni salama. Mzee anafanya kinyume na duka limesimama miaka yote hii.

Nyar_Dunga

Hapo umeshaanza kusoma, mdogo wangu. Muulize kuhusu hiyo penseli.

Baridi_ya_Clyde

Fundi wa mzee wako anafanana na mambo ya Granovetter, mwanasosiolojia wa Marekani, utamkuta mapema. Mwaka 1973 alichapisha makala kuhusu watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara moja moja, na 27.8 kwa nadra. Hoja yake: rafiki wa karibu anajua yale yale unayojua wewe, lakini mtu wa mbali kidogo anakuletea habari za kwingine. Fundi anaingia nyumba ambazo mzee wako hajawahi kukanyaga.

Ila usilimeze zima. Huku kwetu "kujuana" kwa kazi mara nyingi ni mjomba, ni mtu wa kanisa, ni wa ukoo, watu wa karibu kabisa. Ningekuwa mhadhiri wako ningekupa hiyo iwe utafiti wa mwisho: mafundi wa Luanda na maduka yao, nani anamleta nani.

Stakabadhi

Deni la fundi si salama kwa sababu mzee anaamini hivyo. Kijana hajatuambia mafundi wangapi walihama na deni. Wale hawaonekani kwenye daftari, kurasa zao zilichanwa. Duka lililosimama linatuonyesha bahati pia, si busara peke yake. Kabla hujamsifu mzee kwa nadharia, tafuta waliokimbia, jumlisha, ulinganishe na faida aliyoletewa na waliobaki. Hiyo kazi inafanywa na mtu wa hesabu.

Shamba_la_Maua

Mara ya kwanza nakubaliana na wewe tangu nijiunge hapa. Na jinsi ya kuwapata waliokimbia, wawahoji wangapi, uwachague vipi bila kupendelea, hiyo ni yuniti ya mbinu za utafiti, kule kwa sosiolojia. Kijana, kama utachukua yuniti moja tu kwao, chukua hiyo. Jifunze kuunda dodoso linaloeleweka kwa mama wa sokoni, lipakie kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu, kisha uchanganue majibu mwenyewe. Wenye shahada ya biashara wasioweza kuuliza swali bila kumwekea mtu jibu mdomoni nawahoji kila mwaka, ni wengi.

Kijana_wa_Luanda

Nimetoka kwa mratibu wa kozi. Masomo mawili ya uzito sawa haiwezekani kwangu, kozi yangu hairuhusu. Ninaloweza ni kubaki biashara na kupeleka yuniti zangu zote za hiari sosiolojia kuanzia muhula ujao, au kuhamia shahada ya sanaa na kubeba biashara kama somo la pili. Nikihama naanza upya mwaka wa kwanza Septemba.

Kikwazo kingine: ratiba ya muhula ujao, hesabu za gharama na mbinu za utafiti ziko Jumanne asubuhi, saa moja.

Njoro_Juu

Usihame. Mwaka mzima wa karo na kodi ya chumba kwa ajili ya jina la cheti, mzee wako atakuwa na haki ya kukasirika. Baki, beba yuniti za hiari zote kule, na utafiti wako wa mwaka wa nne uombe msimamizi wa pili kutoka sosiolojia. Vyuo vingi hukubali ukiwa na mada iliyo tayari, na mada unayo.

Jumanne chukua hesabu za gharama, ni ya lazima kwako na ukiiruka itakufuata hadi mwaka wa nne. Mbinu za utafiti muulize mhadhiri kama kuna kundi la jioni, wanafunzi wa jioni huwa wanasomeshwa yuniti ile ile. Fomu ya kuongeza na kuacha yuniti ina sahihi mbili, ya mkuu wa idara yako na wa idara ya pili. Anza na wa idara ya pili, wa kwako akiona mwenzake ameshakubali hasumbui sana. Na ukishagongewa mhuri, toa nakala uiweke nyumbani.

Kijana_wa_Luanda

Kundi la jioni lipo, Alhamisi saa kumi na moja. Fomu nachukua kesho. Nimemuuliza mzee kuhusu penseli, amesema ni kwa sababu ya mama.